Safi ya Mto

Maji ya choo yamenichanganya akili, na sioni aibu kusema.

Nyuma ya ploti yetu hapa Tuwan, Kitale, kuna shimo pana lililojaa kokoto na matete. Maji ya vyoo na bafu za wapangaji huingia kwanza kwenye tangi la saruji, uchafu ukatulia chini, kisha hupita polepole katikati ya mizizi ya matete na kutokea kwenye kijito kinachoshuka hadi mto Nzoia. Mimi ndiye ninayekata matete na kuzibua bomba. Zamani kijito kilinuka hadi tukawa tunakula tumefunga madirisha. Siku hizi hata vyura wamerudi. Nilijisifu kwa kila mtu, hasa kwa mdogo wangu aliyeolewa upande wa Naitiri, ambako mto huo unapita chini ya shamba lao.

Ndipo akanipigia simu. Alikuwa na mimba kubwa, na chemchemi iko mbali, juu ya kilima. "Dada, si unasema maji yenu sasa ni safi? Basi nichote tu hapa mtoni?"

Swali rahisi, sivyo? Nikamuuliza fundi aliyetujengea.

"Ni safi," akasema.

"Safi ya kunywa?"

"Aka, mama! Safi ya mto."

Sasa hiyo safi ya mto ni safi gani, bana? Mto haunywi maji. Watu ndio wanakunywa mto! Akacheka, akaenda zake.

Nikamwendea mwalimu wa madrasa, maana msikiti tumepakana nao ukuta. Yeye akaniambia niangalie rangi, harufu na ladha. Nikikosa dalili ya uchafu, maji ni tohara, yanafaa hata kwa udhu. Rangi niliitazama, haina kasoro. Harufu nilinusa, hakuna. Na ladha je? "Ladha mtu huonja," akasema, akajifanya anatafuta viatu vyake. Wallahi nilikasirika. Mmoja ana safi isiyonyweka, mwingine ana tohara asiyotaka kuonja, na mdogo wangu anangoja jibu.

Nikaenda mwenyewe hadi Naitiri. Nilifikiri nikiuona mto huko nitajua. Nikasimama ukingoni: hapa maji yanang'aa, pale yana rangi ya chai, wanawake wanafua, ng'ombe wanakunywa. Sikujua tone lipi limetoka kwetu na lipi limetoka kwa wale wasio na hata tete moja. Nilipanda nyumbani kwake nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka Kitale.

Mdogo wangu akaniletea kikombe kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa.

"Karibu maji ya mto, dada. Ukiyavulia nguo, si sharti uyaoge?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Maji yalikuwa maangavu, hayanuki. Nikasema bismillahi, nikakifikisha mdomoni. Hapo nikaliona tumbo lake, mkono wake umelala juu yake, nikakiweka kikombe chini. Niliogopa, basi.

Alikitazama kile kikombe. Akakichukua, akayanywa yote.

"Ni ya chemchemi," akasema. "Nilitaka tu kujua."

Kisha akajifunga leso, akabeba mtungi wake wa manjano, akashika njia ya kilimani. Nilimfuata nikimwita anipe mimi nibebe. Hakugeuka.