Kipimo Nilichokiandika Bila Kupima

Asubuhi moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nakuhadithia ingawa aibu ni yangu. Nilikuwa binti mbichi, natoka Temeke kwenda kiwanda cha hamira, nimevaa koti jeupe na kiburi chake. Kompyuta ndiyo iliyoendesha tangi la kukuzia hamira. Ilisoma uchachu kupitia kipimo kilichozamishwa humo, kisha ikaamua yenyewe iongeze dawa ya kupunguza uchachu au iache. Kazi yangu ilikuwa kukijaribu kipimo hicho kila asubuhi kwenye chupa mpya ya maji maalumu ambayo uchachu wake unajulikana, nikirekebishe kama kinakosea, ndipo niandike daftarini.

Siku hiyo nilichelewa, kwa uzembe wangu tu. Nikaandika "nimepima" bila kugusa chochote. Jana kilikuwa sawa, nikajiambia, leo kitaharibikaje?

Mchana Mzee Salehe, msimamizi wa zamu yetu, alinusa tangi akakunja uso.

"Hamira inakufa hii. Zuhura, kipimo umekijaribu leo?"

"Nimekijaribu, Mzee."

Alinitazama kidogo, halafu akaizima kompyuta na kuanza kuiokoa hamira kwa mkono. Wapi! Mashine ilikuwa imefuata kipimo kibovu tangu asubuhi, ikimimina dawa isiyohitajika. Tangi zima likamwagwa. Wakubwa walipofungua kumbukumbu za kompyuta, namba zote zilikuwa nzuri mpaka dakika alipoizima yeye. Daftari langu nalo safi. Wakasema yeye ndiye aliyeiharibu, wakamfukuza kazi mbele yetu, mtu aliyetufundisha sote, ana watoto wanne shuleni. Na mimi nimesimama pale, mdomo ninao, kimya. Niliogopa kurudi nyumbani sina kazi.

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamfuata kwake Kiwalani. Shikamoo yangu ilitoka na machozi.

"Marahaba. Kaa," akasema. "Mie nilijua siku ileile. Ile chupa ya kupimia niliikuta haijafunguliwa."

"Mbona hukunisema, Mzee?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Nimekungoja sana, binti yangu."

Kesho yake nikakiri ofisini. Mimi wakanipa onyo, eti bado mtoto. Nafasi yake walishampa mwingine. Hakurudi kiwandani tena. Alipofariki nilikwenda msibani, na wanawe wakanipokea kama dada yao, wakaniletea chai. Baba yao hakuwahi kuwaambia. Chai ile sikuweza kuimeza, mwanangu.

Sasa nawe umeajiriwa kwenye mashine zenye akili kuliko zile zetu. Zisikutishe, ila usizidanganye. Mashine haina pua ya Mzee Salehe. Ukiilisha uongo itauamini, na itaharibu kazi kwa utiifu wote. Pima kwanza ndipo uandike. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajabebeshwa mzigo wako. Kazi ukifukuzwa utapata nyingine. Mimi kazi yangu nilibaki nayo, nikastaafu nayo kwa heshima zote, na hakuna siku niliyoifurahia.

Mungu akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao, akulindie mikono yako, na wenzako wa zamu warudi makwao salama kwa sababu ulikuwepo.