Mke Mwenye Mgongo Mpana

Mtaani walimwita Popo, naye hakukataa, maana jina jingine walilokuwa nalo kinywani ni la yule ndege wa nuksi, na kati ya hayo mawili popo ana nafuu. Alikuwa fundi cherehani. Alianza kazi wenzake wanapopiga miayo, akamaliza majogoo wanapoanza kujikohoza, na katikati ya hapo alishona mapindo ambayo huwezi kuona uzi umepita wapi. Asubuhi hakuwa mtu wa kutegemewa kwa lolote. Kwenye mlango wa chumba chake cha kazi alibandika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: FUNDI HUPATIKANA KUANZIA ADHUHURI. KABLA YA HAPO NI MAREHEMU. Watu walisoma, wakacheka, kisha wakagonga vilevile.

Hakuwa anajifanya, alizaliwa hivyo. Shuleni alijifunza kulala amesimama mstarini, mdomo ukiimba na wenzake. Alipokua, shangazi yake mwenye kujuana na watu alimtafutia kazi ya mapokezi katika ofisi ya bima, kazi ya kukaa kitini na kutabasamu kuanzia saa mbili asubuhi. Haikuisha wiki, mgeni mmoja akamkuta ameegemeza shavu juu ya kitabu cha wageni. Mgeni alikuwa mstaarabu: alimsogeza kichwa taratibu, akaandika jina lake, akapita. Meneja, aliyekuwa nyuma ya mgeni, hakuwa mstaarabu kiasi hicho, na jioni shangazi aliambiwa aje kumchukua mtoto wake. Tangu hapo ikawa imepitishwa kwamba binti ni mvivu. Alishona sare za nusu ya mtaa wakati waliopitisha hilo wanakoroma, lakini kazi ya usiku hakuna anayeihesabu, ila usingizi wa saa tatu asubuhi unahesabiwa na kila anayepita dirishani.

Mume wake alikuwa mwalimu wa hesabu, na Mungu alimuumba kinyume chake kabisa. Saa kumi na moja alfajiri macho yalimfumbuka yenyewe. Saa tatu usiku alizimika, hata kama alikuwa katikati ya sentensi, hata kama sentensi yenyewe ilikuwa tamu. Majirani walijiuliza hao wawili wanakutana saa ngapi. Walikutana jioni, na jioni ni ndefu kuliko majirani wanavyodhani.

Tatizo lilikuwa mama yake Mwalimu. Bibi huyo alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na watu wote walimwita Matroni, hata waliomzidi umri. Enzi hizo kila alfajiri alipiga kengele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unavuta mashuka ya waliolala. Kwake yeye, anayelala jua limetoka ni mgonjwa au ni mchafu, na mgonjwa hupelekwa zahanati. Kabla ya Popo, Mwalimu aliwahi kuwa na mke mwingine. Matroni alikuja kuwatembelea, akamkuta mke yuko kitandani saa mbili asubuhi, akasema neno moja tu: "Huyu?" Mwezi haukuisha, yule mke akafungasha. Inasemekana wakati mabegi yanatoka, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mikono mfukoni, anatazama viatu vyake.

Kwa hiyo siku zilipokuja habari kwamba Matroni ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba atakaa kwao mpaka apasuliwe, Popo aliacha suruali ya watu chini ya sindano. Alimpenda mume wake, hilo halikuwa na mjadala. Asichokijua ni kama siku ya siku mume huyo atasimama upande wake au atasimama mlangoni.

"Nitajikaza," alisema. "Nitaamka."

"Huamki," alisema Mwalimu bila ubaya wowote. Alijikuna kidevu kwa muda, kama anayetafuta jibu la swali lenye vipengele. "Mama anaona vivuli tu kwa sasa. Hebu nipe lile gauni lako la maua."

Matroni alifika na mkoba mmoja na kiti chake cha kukunja. Alfajiri ya kwanza alikaa barazani, akageuza uso kuelekea unakotokea mlio wa ufagio. Uani, mtu mwenye gauni la maua na kilemba kikubwa alikuwa anafagia kwa bidii ya mtu anayefukuza wezi.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Shikamoo, mama," lilijibu gauni, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki.

"Marahaba. Una mafua?"

"Kidogo, mama."

Mwalimu alikwenda kubadili nguo jikoni, akapiga mswaki kwa kelele ili ieleweke kwamba ndiyo kwanza anaamka, kisha akaleta chai.

"Mke wako ana mgongo mpana," alisema Matroni akipuliza kikombe.

"Ni cherehani, mama. Inajenga mwili."

"Na anatembea kama askari."

"Kwao wote wako hivyo."

Chumbani, Popo alikuwa amelala fofofo, ukoo wake mzima unachafuliwa jina bila habari. Alipoamka mchana akaenda kumsalimia mama mkwe kwa sauti yake halisi. Matroni alimpa mkono na kusema, "Naona yale mafua yanakuacha jua likipanda."

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku ya upasuaji ikakaribia. Mwalimu alianza kuzoea, na mtu akishazoea jambo huanza kulipamba. Aliomba kufundishwa kufunga kilemba kisichoanguka. Akaongeza hereni za kubana, akisema kivuli cha mwanamke kinakamilika masikioni. Siku moja alikwenda kazini na hereni moja imesahauliwa sikioni, na darasa zima lilimsikiliza kwa utulivu ambao hajaupata tangu aajiriwe. Popo alicheka mpaka akajichoma na sindano, lakini kila alipocheka alikumbuka kwamba vivuli vina mwisho.

Daktari alianza na jicho la kulia. Kesho yake alasiri bandeji ilitolewa. "Bibi, kwa jicho hili sasa utatunga uzi kwenye sindano," alisema daktari, na Popo, aliyekuwa ameshika mkoba, akahesabu saa zilizobaki kabla ya alfajiri. Usiku huo jicho lilitakiwa kutiwa dawa ya matone kila baada ya muda mfupi. Mwalimu alijitolea mbele ya watu kwamba hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume. Akavuta kiti kando ya kitanda cha mama yake, na ilipotimu saa tatu alizimika, chupa mkononi. Popo alimtoa chupa vidoleni, akamfunika shuka, akarudi kwenye cherehani yake. Usiku kucha alikuwa akiacha kushona, ananawa mikono, anamtia Matroni tone la dawa, anamfuta shavu. Matroni alisema mara moja tu: "Una mkono mwepesi."

Kulipoanza kupambazuka Popo alikata shauri. Kama kuna jicho jipya litakalotazama uani leo, litamwona yeye mwenyewe. Alivaa gauni lake la kijani, akachukua ufagio wa mpini mrefu, akatoka. Lakini alfajiri ndiyo saa ambayo mwili wake hufunga duka. Alifagia mahali pasipozidi upana wa meza, akaegemea mpini apumzike kidogo, na yale mafunzo ya mstarini yakamrudia. Alilala amesimama.

Mwalimu naye aliamka kitini kwa saa yake ileile, akili ikiwa bado nyuma. Mazoea yalimwongoza jikoni. Gauni la maua lilikuwa kwenye msumari wake, akalivaa. Alifunga kilemba upande, akachukua ufagio mwingine, akatokea mlango wa jikoni na kuanza kufagia kama kawaida yake.

Kiti cha kukunja kililia barazani.

"Daktari alisema nitaona vizuri," alisema Matroni. "Hakusema nitaona wawili."

Popo alizinduka. Mbele yake alisimama mume wake, nywele za kifua zikichungulia kwenye shingo ya gauni, na nyuma ya mume wake mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Alimwona akiutazama ule mlango, na moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili.

Mwalimu aliuacha mlango. "Mama," alisema, na sauti ilianza nyembamba kwa mazoea, akaisafisha. "Huyu halali usiku, anashona. Asubuhi hawezi kuamka, na mimi sitaki aamke. Nitafagia mimi."

"Na gauni?"

"Hata na gauni."

Matroni alimtazama kuanzia kilemba hadi miguuni. Hakuwa na haraka, jicho lilikuwa jipya na alitaka kulitumia.

"Nilimjua kila msichana kwa miguu yake anapotoroka bwenini gizani," alisema. "Nitashindwa kujua miguu ya mtoto niliyemzaa? Nilijua tangu ile asubuhi ya mafua."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nangoja nione utafika wapi." Aliegemea kiti chake. "Yule wa kwanza hukumshikia hata ufagio. Mimi nilisema neno moja, nikangoja unijibu, useme mama huyu ni mke wangu, basi. Ukatia mikono mfukoni. Nikajua hata wewe humtaki."

Mwalimu alishusha mikono kutafuta mifuko. Gauni lile halikuwa na mifuko, na mikono ikabaki inaning'inia. Aliona aibu, ile ya kweli, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuondoka zamani. Popo alimhurumia na kumpenda kwa wakati mmoja.

"Na wewe kalale," Matroni alimwambia.

"Mama, hapana, mimi..."

"Nimesema kalale. Umefagia kipande hicho vibaya, mwenzako anajua zaidi."

Ilikuwa ni sauti ileile iliyowainua wasichana vitandani kwa miaka na miaka. Popo aliitii.

Saa tatu asubuhi muuza nyama wa mtaani alikuja na suruali iliyochanika nyuma, akagonga mlango wa fundi kama anayekata mifupa. Popo alisikia kutoka kitandani, na ile hatia ya kila siku ikaanza kumpanda. Kabla hajatoa mguu, kiti cha kukunja kililia.

"Fundi yupo?" aliuliza muuza nyama.

"Umesoma hapo mlangoni?"

"Nimesoma, mama, lakini mbona jua limeshatoka siku nyingi."

"Marehemu hafungui mlango kabla ya adhuhuri," alisema Matroni, aliyekisoma kile kibao asubuhi ileile kwa jicho lake jipya. "Shika suruali yako uondoke. Na punguza kelele, mwanangu amelala."

Popo alivuta shuka mpaka masikioni. Safari hii hakuna mkono uliokuja kulivuta.