Furukombe wa Laini ya Machimbo

Kazini walimwita Buibui, na jina hilo lilimganda hata mama mkwe wake akalitumia. Alikuwa fundi wa laini za umeme, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na akishajifunga mkanda juu ya nguzo ungedhani kazaliwa hukohuko. Mkewe alipenda kuwasimulia wageni kwamba mumewe hajawahi kuanguka nguzoni, bali kitandani ni kila mara.

Laini aliyoijua kuliko zote ni ile ya machimbo ya mawe. Ilitoka nyuma ya karakana yao, ikakatiza bwawa kubwa, ikaishia kwenye mashine za kusaga kokoto. Bwawani hapakuwa na mti mrefu hata mmoja, kwa hiyo furukombe wawili, tai wale wenye kichwa cheupe wanaoishi kwa samaki, walizifanya nguzo kuwa miti yao. Mmoja akiinua kichwa kulia, mwenzake alimdakia kabla hajamaliza. Buibui akiwa juu anabadilisha vikombe vya kushikilia waya, aliwasikiliza kama mtu anavyowasikiliza majirani wa chumba cha pili: hujui wanasema nini, lakini ukikosa sauti zao unajua wamesafiri.

Asubuhi moja umeme wa machimbo ulikatika. Buibui na mwenzake wakaifuata laini kwa miguu, na chini ya nguzo iliyo katikati ya bwawa wakamkuta mmoja wa wale furukombe, jike, topeni. Alikuwa amekunjua mabawa ili aruke, bawa likagusa waya na chuma kwa mpigo mmoja. Ndege wa namna hiyo kwa kawaida hukutwa amekufa. Husukumwa kando kwa buti, fyuzi ikabadilishwa, watu wakaenda zao. Huyu alikuwa hai. Bawa la kulia lilikuwa jeusi hadi begani, likinuka kama nywele zilizoungua, naye alimkazia Buibui macho bila hata kujaribu kumdonoa.

Mwenzake alishauri wammalize, asiteseke. Buibui alivua koti la kazi, akamfunika ndege kichwa, akambeba kifuani hadi kwenye gari.

Alijua pa kumpeleka. Nje kidogo ya mji kulikuwa na makao ya ndege mbuai waliookolewa, na miaka ya nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyewavutia umeme. Mwenye kuyaendesha alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mpole wa sauti, ambaye kila mtu alimwita Mama Kipanga. Alimpokea ndege kwa glavu nene za ngozi, akalitazama bawa, akamwambia Buibui arudi siku ya mapumziko. Hakumwahidi kitu.

Siku hiyo ilipofika Mama Kipanga alimpitisha bandani. Kulikuwa na bundi wa jicho moja, mwewe aliyegongwa na lori, na kipanga ambaye watu walimfunga kamba mguuni kwa muda mrefu mpaka mguu ukakauka. Buibui alipita akijifanya anazikagua swichi. Furukombe alikuwa banda la mwisho, amesimama juu ya gogo fupi. Bawa la kulia halikuwepo tena. Daktari wa wanyama alilikata lote ili kuokoa roho yake.

Walipokuwa wamesimama pale furukombe alirudisha kichwa nyuma, akalia. Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa upande, akangoja. Akalia tena, akangoja tena. Mama Kipanga alisema hivyo ndivyo anavyofanya kila asubuhi tangu apate nafuu, na yeye hajui kwa nini anaikatisha sauti yake katikati.

Buibui alijua. Nusu iliyobaki haikuwa yake.

"Mwenzake yupo," alisema. "Jana nimemwona juu ya nguzo ileile."

"Atakuwa anamtafuta."

"Basi si aletwe hapa, wakae pamoja?"

Mama Kipanga alimtazama kama anayepima namna ya kusema. "Nimfungie mzima kwa ajili ya mgonjwa? Hapana, baba. Mimi kazi yangu ni hawa walioumia. Wale wazima wako mikononi mwenu."

Maneno hayo Buibui alirudi nayo nyumbani, na kesho yake akaenda nayo kazini. Msimamizi wao alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomchosha Buibui kuliko ukali wowote. Buibui alimweleza kwamba kuna mipira maalumu ya kuvisha waya pale zinapokaribiana na chuma, na kwamba laini ya bwawani haina hata mmoja. Msimamizi alikubali neno kwa neno. Akasema jambo hilo lilipaswa kufanywa zamani, akasema atalifikisha juu. Buibui alipouliza tena, juu walikuwa wamelipokea. Alipouliza mara nyingine, walikuwa wanalishughulikia. Alipigwa danadana kwa adabu hivyo mpaka akaona haya kuuliza.

Mkewe, aliyekuwa mfua nguo hospitalini, alianza kumtania kwamba ameoa mke wa pili. Siku za mapumziko alikuwa akimfungia samaki wadogo na kumwambia, "Mpelekee mke mwenzangu, lakini mwambie zamu ya kupika ni yake wiki ijayo." Siku moja akataka kwenda kumwona. Alifika na utani wake mdomoni, akaliona lile bega lisilo na bawa, utani ukamwishia. Alimimina samaki kwenye beseni, akatoka kumngojea mumewe getini.

Kisha ukaja mkatiko uliopangwa, siku ya kusafisha mitambo ya machimbo. Buibui alikuwa ameokota karakanani maganda ya mpira ya nyaya nene za zamani. Akayapasua kwa kisu, na laini ilipozimwa akakwea ile nguzo ya katikati akazivisha waya zote, akazifunga barabara. Alitaka kuendelea na ya pili, lakini simu ikalia kutoka karakanani: umeme unarudishwa, na zahanati ya machimbo nayo iko kwenye laini hiyo. Ikabidi ashuke.

Yule dume alirudi siku iliyofuata, akaizunguka nguzo iliyovishwa, akaiona ngeni. Akaenda kutua kwenye nguzo ya pili.

Buibui alisimama chini akampigia makofi. Akamrushia tope. Ndege aliinuka, akazunguka juu ya maji, akarudi palepale. Mwenzake Buibui, aliyekuwa akimtazama kutoka garini, hakucheka. Alisema tu kwamba nguzo ni nyingi kuliko mikono yao, na kwamba kuna transfoma inawangojea mjini.

Haikupita miezi mingi machimbo yakazimika tena. Safari hii Buibui alitangulia mbele akiwa karibu kukimbia, na alichokiogopa alikikuta kinaelea kwenye matete chini ya nguzo ya pili. Alimvuta yule dume kwa fimbo. Hakuwa na la kufunika wala la kubeba. Akamzika kwenye ardhi kavu kando ya njia, akabadilisha fyuzi, akapiga simu kwamba laini iko sawa. Msimamizi alisikitika kwelikweli. Baadaye akahamishwa, na aliyemrithi alimwomba Buibui aanze kumweleza upya.

Siku ya mapumziko alikwenda kwenye makao pamoja na mkewe, aliyesema safari hii atakaa hadi mwisho. Buibui alimweleza Mama Kipanga kilichotokea. Mama Kipanga alivua glavu moja, akaivaa tena, akasema pole, kisha akaenda kumlisha bundi.

Wale wawili wakaketi kwenye benchi mbele ya banda la mwisho. Furukombe alikula samaki wake, akapangusa mdomo kwenye gogo, akarudisha kichwa nyuma akalia. Akanyamaza kungoja.

"Anamwita?" mkewe aliuliza.

"Anamwita."

"Mwambie basi."

"Nimwambie kwa lugha gani, mama watoto?"

Mkewe alisogea karibu naye, akaweka mkono juu ya goti lake, wakakaa vivyo hivyo mpaka Mama Kipanga alipokuja kuwaambia kwa upole kwamba anafunga.

Buibui bado huenda. Akiulizwa kazini anakwenda kufanya nini huko, husema anakwenda kukaa.