Kompyuta ya Mama na Ng'ombe wa Baba

Ninyi wenzangu mliokulia Mwanza enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, mtanielewa: kitu cha umeme kilikuwa hakitupwi. Kilipigwa kofi, kikaanikwa juani, kikapumzishwa, na kikizidi ukaidi kikaombewa. Juzi binti yangu kaniletea laptopu yake, imegoma kuwaka baada ya kuongezewa kitu ndani. Nikamwambia asubiri niiangalie. Akanitazama kwa huruma. "Baba, nunua tu nyingine." Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, miguu inawaka moto, sina hata nguvu ya kubishana. Nikakaa nayo mapajani, nikaikumbuka kompyuta ya mama.

Tulikaa Mkuyuni, mlimani kidogo, nyumba imeegemea mawe. Juu ya mawe yale ndiko tulikoanika nguo, ndiko tulikochezea kombolela, na ndiko nilikotoboa kaptula zangu zote za shule. Kitoweo chetu kilikuwa mapanki ya sangara, vichwa na mifupa iliyobaki viwandani, maana minofu ilikuwa imeshapanda ndege kwenda Ulaya, na asubuhi zenye njaa tulitafuna michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga mpaka taya zinauma. Watoto wa leo wakiona samaki ana kichwa wanahama meza.

Mimi Kulwa na pacha wangu Doto tulikuwa darasa la tano wazazi wetu wote wawili walipopunguzwa kazi, baba kiwandani, mama ofisini alikokuwa mpiga chapa. Baba alichukua kiinua mgongo chake akanunua ng'ombe, akawaacha kwa mdogo wake kule Magu. Mama alichukua chake akanunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaiweka sebuleni awe anachapia watu barua na kadi za harusi. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Baba alitaka turudi kwao Magu tukalime pamba na kuchunga. Mama alitaka tusome mjini. "Magu ipo tu, haihami," baba alikuwa akisema. "Na mimi sihami," mama anamjibu, anaendelea kuchambua mchele. Mwisho wakakubaliana: mvua za kupandia zikianza na kompyuta haijaanza kutulisha, tunafungasha.

Basi ile mashine ikatunzwa jamani. Ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, alichokifuma mama mwenyewe kwa wiki kadhaa. Viatu mlangoni. Mimi na Doto tuliruhusiwa kuitazama tukiwa tumefunga mikono nyuma. "Mtu aiguse na vidole vya mapanki aone," mama alisema, na kwa kuwa tulimjua, hatukutaka kuona.

Mvua zikiwa zimekaribia, sekondari moja ikamwahidi mama kazi ya kuchapa mitihani yake yote. Hiyo ndiyo ingetubakiza mjini. Lakini kompyuta ilikuwa nzito, akiifungulia programu mpya inaganda, na mama anabaki kuitazama kama mgonjwa aliyekataa uji. Akaitwa fundi, kaka Projest, kijana wa Bukoba aliyesomea mambo hayo, shati limechomekewa hata siku ya Jumapili. Akasema iongezwe memori, akaahidi kuja nayo Jumamosi.

Jumamosi ile mama aliamka mapema kama anapokea wakwe. Akadeki, akafungua madirisha, akakifua kile kitambaa, akakianika juu ya mawe. Kaka Projest alipofika, tukampa shikamoo, akafungua sanduku la mashine, akachomoa memori ya zamani. Alikuwa hajachomeka mpya mama akamkamata mkono. "Hapa kwangu mgeni hafanyi kazi na njaa." Kaka Projest akajitetea kuwa ni dakika moja tu. Alikuwa hamjui mama.

Tukala uani, ugali na sato wa kuchemsha. Tukiwa katikati ya chakula, wakaja wale vijidudu wa ziwani. Mnawajua. Wanainuka majini kama moshi, upepo ukiwasukuma huku wanapita mtaani, wanaingia puani, masikioni, kila mahali. Tukafunika sahani kwa viganja, Doto akafunika bakuli la mchuzi kwa fulana yake, mama akamfokea huku anacheka. Walipopita tukaondoa waliozama, tukaendelea kula. Mtu wa ziwani hasusi chakula kwa ajili ya mdudu.

Tuliporudi sebuleni, kaka Projest akapangusa meza, akachomeka memori mpya, akafunga sanduku, akawasha. Skrini ikabaki nyeusi. Mashine ikalia tiii, tiii, tiii. Akazima. Akakaza nyaya zote. Tiii. Akabadilisha waya wa umeme, akatoa memori mpya akarudisha ya zamani, ile iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi hiyohiyo. Tiii, tiii, tiii. Jasho likamtoka, shati likachomoka. Jumapili akarudi baada ya misa, akahangaika mpaka jioni. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Mama Kulwa, naona kama umekufa ule ubao mkuu wa ndani wenyewe. Nipeni siku moja niulizie Dar."

Nyumba ikapoa. Mama aliyekuwa akilisha mtaa mzima akawa anatupakulia na kurudi kukaa kitandani. Jumatatu tulimkuta anafunga sufuria kwenye shuka. Baba hakusema "niliwaambia." Alikaa kizingitini anatia jembe mpini mpya, anauchonga taratibu, na mara mojamoja anatuhadithia mimi na Doto majina ya ng'ombe wake. Sikuwahi kumwona mchangamfu namna ile. Sisi tulikuwa tunalia chooni kwa zamu.

Jumanne kaka Projest akaja kutuambia kwamba Dar nao hawana ubao huo. Akapeana mikono na mama, akageuka kuondoka. Baba alikuwa palepale kizingitini na jembe lake, ikabidi fundi amwombe nafasi ya kupita. Baba hakusogea. Akapapasa mpini kwa kidole gumba.

"Wale wadudu," akasema.

"Wadudu gani, mzee?"

"Wa siku ile tunakula. Dirisha lilikuwa wazi, na hilo sanduku lilikuwa wazi. Na kitambaa kilikuwa juu ya mawe."

Kaka Projest akavua viatu upya. Alimulika kwa tochi kwenye ile mifereji inapochomekwa memori, akaguna. Walikuwa wamejaa mle, na yeye mwenyewe alikuwa amewashindilia kila alipochomeka, wamegeuka uji wa kijani uliokauka. Tukatumwa spiriti duka la dawa, Doto akatoa mswaki wake. Fundi akasugua, akasubiri pakauke, akawasha. Ikalia tii moja, halafu maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye skrini. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Baba akainuka, akaliweka jembe nyuma ya mlango. Pale ndipo lilipokaa miaka yote.

Tulibaki. Mama alichapa mitihani ya sekondari ile na nyingine, macho yakamwisha. Baba alikuwa anakwenda Magu kwenye misiba na kurudi, na kila tulipopanda darasa ng'ombe mmoja aliuzwa, mpaka zizi likabaki miti. Yeye tulimrudisha Magu juzijuzi, tukamzika karibu na zizi hilo.

Siku hizi kitu kikikataa kuwaka kinatupwa, na watu nao wakishindana hakuna anayetoa neno la kumwokoa mwenzake. Nawaona kazini, nawaona nyumbani, nami nimo. Baba angeweza kunyamaza. Alikuwa amebakiza kunyamaza tu, na wale ng'ombe wangekuwa wake.

Nilimuuliza, miaka michache kabla hajafa, kwa nini alisema. Alifikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo dogo.

"Mama yenu," akasema, "alikuwa ameacha kula."