Muhuri Uliochoka Kuinama

Wiki yake ya kwanza katika ofisi ya mabomba pale Nagoya, Satsuki Minegishi alifundishwa kupiga muhuri. Si kupiga tu, bali kuulaza kidogo kushoto, jina lake liwainamie wakubwa, ambao mihuri yao hukaa upande huo wa fomu. Miaka kumi na mmoja ameinamisha, hata kwenye fomu ya kuomba kalamu.

Wazee wa ofisi husema watu wa rika lake, hawa wa miaka thelathini na kitu, hawana uvumilivu. Uongo mtupu. Uvumilivu wanao tele, ila wamechoka kuvumilia bila kujua ni kwa ajili ya nini. Satsuki aliipenda kazi yake, na wateja walimwulizia kwa jina. Kilichomsumbua ni siku ya michezo shuleni kwa binti yake. Mara mbili aliomba ruhusa, na mara mbili mkuu wake, Bwana Tokura, alishusha pumzi tu, naye Satsuki akaona haya, akaichukua fomu yake akarudi nayo. Safari hii aliapa: akiikosa tena michezo ya Jumamosi hiyo, anaacha kazi. Barua ya kuacha ilikuwa tayari mkobani.

Asubuhi ya kupeleka fomu ya ruhusa, kwa haraka, mkono ukateleza. Muhuri ukasimama wima.

"Makubwa!" Ayumu, aliyeajiriwa mwaka mmoja naye, alichungulia begani. "Dada, jina lako limesimama kama polisi wa zamu! Jaza nyingine upesi, usitutie balaa."

Satsuki aliitazama fomu, akajikuta hataki. Akaipeleka vivyo hivyo.

Bwana Tokura alivua miwani. "Bi Minegishi, muhuri wako umepatwa na nini? Mgongo unauma?"

"Hapana, Mkuu. Umechoka kuinama."

Vichwa vikageuka ofisi nzima. Satsuki mwenyewe alishtuka kusikia alichosema.

"Mtoto anacheza nini?" aliuliza mzee, akisoma sababu kwenye fomu.

"Mbio za kupokezana vijiti. Amepangwa kumalizia."

"Kumalizia! Basi huyo ndiye anayetegemewa." Aliuzungusha muhuri wake vidoleni. "Wangu naye alikuwa mkimbiaji. Nilikuwa nasimuliwa tu."

Akapiga muhuri, akamrudishia fomu aipeleke kwa meneja.

Mezani pake ndipo Satsuki alipoiangalia vizuri. Muhuri wa Bwana Tokura ulipaswa kumwinamia meneja, kushoto, kama siku zote. Leo ulikuwa umelalia kulia, upande wake yeye. Na meneja angeuona, maana ghorofa ile haikuwa na kipofu wa mihuri. Machozi yakamlengalenga.

Alitoa barua mkobani, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa penseli vya kununua kwa chakula cha Jumamosi: mayai, kuku, mchele, mwani. Watu watatu, safari hii naye akiwamo.