Pointi Moja ya Ziwa Letu

Niseme mapema tusije tukagombana mbele: ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani ni Tanganyika. Nimezaliwa kando yake, nimebatizwa kwa maji yake, na ndagala zake, dagaa wetu wa huku, ndizo zilizonijenga mifupa. Najua vitabu vinasema ni Baikali, huko Urusi. Nimefundisha shule ya msingi hapa Uvira mpaka nikastaafu, na kila mwaka nimeandika "Baikali" ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, huku moyo ukikataa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, eti. Basi mimi si mshindani, niacheni.

Na nina sababu ya kuichukia hiyo Baikali. Nusura imuue mwalimu wangu.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa mtu wa Runingu, mtoto wa mashamba ya muhogo, mwembamba, mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Alikuwa na tai moja ya kijani aliyoivaa kila siku ya Mungu. Waasi walipoingia mjini, miaka michache baada ya uhuru, habari zilienea upesi kwamba mwenye tai ni msomi, na msomi ni adui wa wananchi. Asubuhi hiyo hiyo mwalimu aliivua. Hakuitupa, maana alikuwa bahili. Alimfungia mbuzi wake shingoni. Kwa muda mrefu kiumbe pekee aliyevaa kiofisi mjini kwetu alikuwa mbuzi yule, na hakuna aliyemkamata.

Kila mwisho wa mwaka wa shule tulikuwa na konkuru, mashindano ya maarifa ya jumla kati ya shule yetu na shule za uwandani, Kiringye au Mutarule. Mapadri ndio walioyaanzisha. Wazazi walikuja na mikeka yao, watu wakapiga kelele kana kwamba ni mpira. Shida ilikuwa majibu. Wakati wa Wabelgiji, ukiulizwa mji mkuu, ukijibu Brisele unapewa peremende. Uhuru ulipofika, ukijibu Brisele unapewa kiboko. Jibu lilikuwa Leopoldville. Waasi walipoingia, Leopoldville ikawa usaliti, jibu likawa Stanleyville. Mwalimu alifuta ubao, akaandika upya, akatuambia, "Watoto, kabla ya kujibu swali la mji mkuu, chungulieni kwanza dirishani muone nani anapita na bunduki."

Tulicheka. Na yeye alicheka. Kumbe alikuwa na mpaka wake, na sisi hatukuujua.

Mwaka ule mapadri walikuwa wamekwisha kukimbia. Tulidhani konkuru imekufa. Lakini komanda wa waasi aliyeushika mji akasema lazima ifanyike, na yeye ndiye atakuwa mgeni wa heshima. Komanda huyu tulimjua sote. Zamani alikuwa anaziba pancha za baiskeli sokoni, na shule aliiacha darasa la tatu, si kwa kupenda. Sasa alivaa kichwani ngozi aliyosema ni ya chui. Mama yangu, muuza ndagala, aliitazama mara moja tu akasema chui wa namna hiyo humwona kila siku akiiba samaki wake.

Komanda alikuwa na sharti moja. "Nusu ya maulizo itakuwa ya mapinduzi," alimwambia mwalimu. "Batoto bajue sheria ya dawa."

Basi tukakaririshwa sheria za dawa kama katekisimu. Wapiganaji walikuwa wananyunyiziwa maji ya dawa, na aliyenyunyiziwa, risasi ikimjia hugeuka maji. Ila kuna masharti. Haangalii nyuma vitani. Hashikani mkono na mtu asiyenyunyiziwa. Haguswi na mwanamke wala msichana, hata kwa ncha ya kidole. Akivunja sharti, dawa imekufa, na risasi inarudia kuwa risasi. Mimi nilikuwa kiongozi wa timu yetu ya wasichana. Niliyakariri masharti yale nikichota maji, nikipepeta mchele, mpaka mama akasema nikimtajia tena chui na dawa atanichapa mwiko.

Siku ikafika. Uwanja wa mpira ulijaa. Komanda aliketi kwenye kiti cha padri mkuu, kile chenye mto mwekundu, na nyuma yake wapiganaji wamejipanga na mikuki na majani vichwani. Walikuwa waangalifu mno siku hiyo. Kesho yake walikuwa wanakwenda uwandani kukutana na jeshi la serikali, na kila mmoja alijichunga na dawa yake kama mtu aliyebeba mayai. Zawadi iliwekwa mezani: dunia ya duara waliyoiacha mapadri, yenye bahari za bluu na kamguu ka chuma. Ukiisukuma inazunguka. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka ile dunia. Nilikwisha kuitafutia mahali pa kukaa, kando ya kitanda changu, na dada zangu nilikwisha kuwaonya wasiiguse.

Timu ya Kiringye ilikuwa ya wavulana. Kiongozi wao alikuwa na kichwa kikubwa na tabia ya kujibu akiwa ametazama juu, utadhani anasomewa na malaika. Nilimchukia tangu asubuhi. Tulikwenda naye sambamba. Mji mkuu? Stanleyville, tukapiga kelele wote, hata mbwa wa mapadri angejua. Ng'ombe ana matumbo mangapi? Manne, wao. Ruzizi inatoka ziwa gani? Kivu, sisi. Masharti ya dawa? Hapo nilisimama nikayataja yote bila kupumua, na komanda akapiga paja kwa furaha. "Eh! Huyu mutoto iko na akili!" Nikajiona nimeshafika kitandani na dunia yangu.

Likabaki swali moja, na pointi zimelingana. Mwalimu akatia mkono ndani ya kofia ya maswali, akatoa kikaratasi, akakisoma kimya. Akamtazama komanda, akakitazama tena. Angeweza kukirudisha. Mtu mwingine yeyote angekirudisha.

"Ziwa gani," akasoma, "lina kina kirefu kuliko maziwa yote duniani?"

Zamu ilikuwa yetu. Sikuwauliza wenzangu wala sikupumua.

"Tanganyika!"

Uwanja ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele, wavuvi wakarusha kofia. Mwalimu alisubiri mpaka kelele zikaisha, na kwa sauti yake ile ndogo akasema, "Si sahihi." Akageukia Kiringye. Mwenye kichwa kikubwa akatazama juu kwa malaika wake. "Baikali."

"Sahihi. Kiringye wameshinda."

Yesu wangu! Hujawahi kusikia watu wa ziwani wakitukanwa hivyo hadharani. Mama yangu alisimama kwenye mkeka wake. "Baikali ndiyo nini? Nani hapa amekunywa maji yake? Nani amekula samaki wake?" Mwingine akadakia kwamba mtu wa Runingu atajua nini habari za maji, ziwa lenyewe analiona siku ya soko. Na mimi, sitaficha, nilikuwa napiga mguu chini nikilia kwa hasira.

Komanda akasimama, na kelele zikakatika.

"Mwalimu. Hiyo Baikali iko wapi?"

"Iko mu Urusi, Komanda."

Komanda akaichukua dunia mezani, akaizungusha, akatafuta. Mwalimu akamwonyesha kwa mbali. Komanda akacheka. "Hii? Hii kidogo kama mukia ya panya?" Msaidizi wake akamnong'oneza kitu, na tukamwona komanda akiwaza kwa nguvu. Warusi, ilisemekana, walikuwa marafiki wa mapinduzi. Mwishowe akapata. "Warusi ni ndugu yetu," akasema. "Lakini ndugu hawezi kukupita mu nyumba yako mwenyewe. Kwa amri ya mapinduzi, tangu leo ziwa letu iko ya kwanza. Mwalimu, sema."

Nilipiga makofi. Kwa nini nisipige? Dunia ilikuwa inarudi kitandani kwangu.

Mwalimu akavuta shati lake pale ambapo tai ingekuwa. "Komanda," akasema, "mji mukuu ni batu banaamua. Mukiihamisha, miye nafuta, naandika. Sina shida. Lakini ziwa, hakuna mutu anaamua. Letu, kwa urefu, ni ya kwanza, na nimejivuna nayo siku zote. Kwa kina ni ya pili."

"Sema ya kwanza."

"Ni ya pili, Komanda."

Makofi yangu yalifia mikononi. Komanda hakupaza sauti. Aliwaambia wapiganaji wawili, "Mumupeleke kule mutoni," na kila mtu uwanjani alijua maana yake. Waliopelekwa kule mtoni hatukuwaona tena. Mama zetu wakainamisha vichwa. Mwalimu alianza kukunja vikaratasi vyake vizuri, kimoja kimoja, kana kwamba konkuru nyingine ni wiki ijayo. Nilimpenda kwa ghafla mpaka kifua kikauma, na wakati huo huo nilitaka kumzaba kofi. Pointi moja tu! Si angenipa tu!

Sasa, kulikuwa na desturi ya konkuru, tangu enzi za mapadri, na hakuna aliyeifuta: mashindano yakiisha, timu zote huenda kuwapa wageni wa heshima mkono. Na wanaoanza ni walioshindwa. Ndiyo adabu yenyewe, kuonyesha kwamba umekubali.

Wapiganaji wawili walikuwa wamemkaribia mwalimu. Mdomo wangu haujawahi kuogopa mtu maishani. "Mwalimu," nikasema kwa sauti ya uwanja mzima, "sisi tumeshindwa. Tunaenda kupana mukono."

Nikamwendea mpiganaji wa kwanza nimenyoosha mkono, nimepiga goti kidogo kama tulivyofundishwa. "Yambo, baba."

Mtu yule mzima, na mkuki wake, aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

Wenzangu walielewa papo hapo. Si tulikariri pamoja? Wakamzunguka mwalimu, wawili kila upande, wakanyoosha mikono na wao. "Yambo, baba. Yambo, kaka." Wapiganaji wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Komanda akapiga kelele, "Mumufate! Munaogopa batoto?" Lakini yeye mwenyewe alikuwa amepanda juu ya kiti cha padri, na mikono ameificha kwapani. Mmoja akapendekeza tunyunyiziwe dawa kwanza. Lakini mwenye kazi ya kunyunyiza alikuwa amekwenda Kalundu, bandarini.

Ndipo mama yangu akaacha mkeka wake. Mikono ilikuwa bado ina magamba ya ndagala. "Kweli, wageni hatujawasalimu," akasema. "Tumekosa adabu." Na akina mama wote wakaingia uwanjani, mikono mbele, tabasamu hadi masikioni. Kati yao alikuwemo shangazi wa komanda, na ndiye aliyekuwa mbele kabisa. "Mutoto wangu, hausalimie shangazi?" Nani angerusha mkuki hapo? Angemchoma nani, na kesho aende vitani na dawa gani?

Tuliondoka uwanjani tumemweka mwalimu katikati, tukitembea, hatukukimbia, tukisalimia kila mwenye jani kichwani. Walitufuata kwa mbali wakitukana, na kila tulipogeuka na mkono walisimama. Mpaka ufukweni. Mjomba wangu alikuwa anakung'uta wavu. Mama alimwambia neno moja tu, "Usumbura," na mjomba akasukuma mtumbwi majini. Ng'ambo, katika nchi jirani, nyumba za Usumbura zilikuwa zinaonekana nyeupe katika jua la jioni.

Mwalimu alikuwa ameshaingiza mguu mmoja aliponigeukia. Nilidhani atanishukuru. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kushukuriwa.

"Umesema mumeshindwa," akasema. "Basi niambie. Ziwa gani?"

Machozi yalikuwa yananitoka, na kamasi pia. "Tanganyika!"

"Zero," akasema mwalimu. "Mbuzi wangu umupe maji."

Akaketi. Mjomba akapiga kasia, mtumbwi ukayumba, na hapo ndipo sote tukakumbuka kwamba mtu wa Runingu hajui kuogelea. Walikuwa bado karibu. Tulisikia kila neno. Mwalimu alikuwa anayatazama maji yalivyoanza kuwa meusi chini yake.

"Mujomba," akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote, "hapa kina iko namna gani?"

"Hapa?" mjomba akasema. "Hapa haina mwisho, Mwalimu. Hakuna ziwa mu dunia inapita hii."

Mwalimu, aliyemkatalia komanda mara mbili mbele ya mikuki, alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili.

"Ni kweli, mujomba," akasema. "Ni kweli kabisa. Piga kasia polepole."

Alifika salama, na akazeekea ng'ambo akifundisha watoto wa watu Baikali. Dunia ya duara ilikwenda Kiringye. Lakini nilisikia kwa masikio yangu haya, mama alisikia, shangazi wa komanda alisikia. Pointi ni yetu.