Kadi Yangu ya Salamu

Juzi, sokoni Marikiti, redio ya muuza ndimu ilipiga wimbo wa kantri, nikasahau nilichokwenda kununua.

Marehemu baba alikuwa mtangazaji wa kipindi cha nyimbo hizo redioni. Nilikuwa mdogo alipofariki, asubuhi, na alasiri wanaume wakampeleka makaburini. Nyumba ilinuka udi na kafuri. Mara nikasikia sauti yake kwenye redio ya duka la jirani: "Nipo nanyi mpaka saa kumi, wapenzi wasikilizaji."

Nikakimbilia ndani. "Mama, Baba hajafa! Yuko kazini!"

Shangazi akanishika mkono. "Hiyo ni sauti tu, mwanangu."

Nilimponyoka, nikaketi kizingitini mwa duka. Baba alisoma kadi za salamu za wasikilizaji, za Likoni, za Kisauni. Yangu nilikuwa nimempa mkononi wiki ile. Saa kumi akaaga, akicheka, bila kunitaja. Nilimngoja mlangoni petu hadi adhana ya magharibi, nimemkasirikia.

Sasa najua kipindi kilikuwa kimerekodiwa kabla. Mama husema kadi zilikuwa nyingi, muda ulikuwa mchache. Huenda. Lakini salamu za bibi mmoja wa Majengo alizisoma mara mbili.